Kistari Kilichopita Mlangoni: Mhadhara wa Umma juu ya Amri Zinazojipenyeza katika Seva za Wavuti



Maudhui niliyoyachagua jioni ya leo ni madogo kwa umbo, kwani yanahusu alama moja tu ya maandishi, kistari kile tukitiacho baina ya maneno mawili. Walakin alama hiyo, ilipopata njia ya kuingia pasipo kutambuliwa katika PHP, programu ya kutengenezea kurasa za wavuti, iliwapa watu wa mbali uwezo wa kuziendesha kompyuta za wenzao kana kwamba ni milki yao, na jambo hilo lilitukia mara mbili, mwaka 2012 na mwaka 2024, kwa kupitia mlango ule ule.

Hapana budi nianze na asili yake. Mwaka 1993, wavuti ikiwa bado changa, mafundi wa kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliweka utaratibu uitwao CGI, ambao muradi wake ulikuwa kuiwezesha seva, badala ya kumpa msomaji ukurasa uliokwisha andikwa, kuita programu nyingine, kuikabidhi ombi la msomaji huyo, na kumrudishia jawabu. PHP yenyewe, aliyoitangaza Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ilizaliwa katika utaratibu huo. Basi ndani ya utaratibu huo wa CGI, kama ulivyokuja kuandikwa rasmi mwezi Oktoba 2004 kwa jina la RFC 3875, mna kifungu kimoja, masalio ya zama ambapo kutafuta katika wavuti kulikuwa kuandika neno moja au mawili na kungoja, kisemacho kwamba maneno yafuatayo alama ya kuuliza katika anwani, maadamu hayana ndani yake alama ya usawa, seva iyagawe na kuyapeleka kwa programu kama maneno ya mstari wa amri.

Kila aliyewahi kuketi mbele ya dirisha jeusi la amri anafahamu kwamba huko, neno lianzalo kwa kistari huchukuliwa kuwa agizo. Kwa PHP, kistari kikifuatwa na herufi s ni agizo la kuonyesha msimbo wa ukurasa badala ya kuutekeleza; kikifuatwa na herufi d ni agizo la kubadili mipangilio; na mwenye kubadili mipangilio aweza kuiamuru PHP isome kwanza, na kuutekeleza, msimbo alioutuma yeye mwenyewe ndani ya ombi lake. Kwa hiyo mgeni asiye na akaunti wala nywila, aliyefika kwa anwani tu, aliweza kutoa amri ndani ya seva asiyopata kuiona.

Kundi la Kiholanzi liitwalo Eindbazen liliutambua udhaifu huo Januari 2012, katika mashindano ya usalama wa kompyuta. Siri ilipofichuka mwanzoni mwa Mei, watunzaji wa PHP walitoa kwa haraka matoleo 5.3.12 na 5.4.2, ikadhihirika kuwa hayatoshi, na siku chache baadaye wakatoa 5.3.13 na 5.4.3. Tiba yenyewe ilikuwa nyepesi: PHP iitazame herufi ya kwanza ya maneno yafuatayo alama ya kuuliza, na ikiwa ni kistari, isiyasome maneno hayo kama maagizo.

Nami nasema, kwa heshima zote kwa mafundi wale waliofanya kazi chini ya shinikizo kubwa, kwamba tiba hiyo ilikataza sura ya jambo ikaliacha jambo lenyewe mahali pake. Njia ya kutoka katika anwani hadi kwenye mstari wa amri haikuzibwa. Iliwekewa bawabu.

Kompyuta haisomi maumbo, husoma nambari. Kistari cha kawaida ni nambari 45. Kuna kistari kingine, nambari 173, ambacho waandishi hukitia ndani ya neno refu ili lijulikane pa kukatika likifika mwisho wa mstari, na ambacho aghalabu hakionekani kabisa. Sasa mfumo wa Windows, ukiwa umepangwa kwa Kichina au Kijapani, unapoyahamisha maandishi kutoka jedwali kubwa la herufi za lugha zote hadi jedwali lake dogo la zamani, na usiione humo herufi inayotakiwa, haukiri kukosa, bali huchagua ya kufanana nayo. Na badala ya 173 huweka 45. PHP ilikagua ombi, ikakuta 173, ikaruhusu, Windows ikageuza, kisha PHP ile ile ikasoma 45 na kutii. Ni sawa na bawabu aliyeagizwa kumzuia mtu kwa sura yake, mtu yule akaja amejitanda ushungi, akapita, akaufunua alipokwisha fika ukumbini.

Aliyeligundua hilo ni mtafiti Orange Tsai wa kampuni ya DEVCORE ya Taiwan, ambayo iliwaarifu watunzaji wa PHP tarehe 7 Mei 2024, matoleo 8.3.8, 8.2.20 na 8.1.29, yenye marekebisho, yakatolewa tarehe 6 Juni. Siku mbili baadaye genge la TellYouThePass lilikuwa limekwisha anza kuutumia udhaifu huo kuyafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Na sisi watu wa vyuo tuna sababu ya kutega sikio zaidi, kwani mwezi Agosti mwaka huo kampuni ya Symantec ilitangaza kwamba chuo kikuu kimoja nchini Taiwan kilipandikizwa programu ya kificho, na kwamba yamkini wavamizi waliingia kwa udhaifu huu huu.

Haifai mtu ajifariji kwamba seva yake imepangwa kwa Kiingereza, maana watafiti wenyewe walikataa kuzitangaza lugha nyingine kuwa salama. Fauka ya hayo, kifurushi cha XAMPP cha Windows, ambacho wanafunzi wengi hujifunzia kutengeneza tovuti, kilikuwa katika hatari kwa mipangilio yake ya asili, kwa sababu kiliiweka programu ya PHP ya CGI mahali panapofikika kwa anwani. Watengenezaji wake wamesema wazi kwamba kimekusudiwa kutengenezea tovuti, si kuziendeshea hadharani, walakin wako wanaokiacha kikiendesha tovuti za ofisi, zenye majina na alama za watu.

Anayeamua kuiweka seva chini ya dari yake mwenyewe, azma ninayoiunga mkono kwa moyo wote, amepokea amana ya data za watu, na kuisasisha seva hiyo ni sehemu ya amana. Kwa hiyo nawasihi mnaozitunza seva, hapa chuoni na kwingineko: kesho asubuhi tazameni ni toleo gani la PHP linaloendeshwa, na kama ni kwa njia ya CGI, ihamishieni kwenye njia nyingine. Matoleo ya PHP 5, 7 na 8.0 yalikuwa yamekwisha achwa na watunzaji wake udhaifu huu ulipotangazwa, wala hawakuyatolea marekebisho. Seva ya Windows inayoendesha mojawapo ya hayo kwa CGI na iondolewe mtandaoni.