Jibu la Simu Limetoka Wapi?



Siku hizi vijana wetu hapa Isiolo wanasoma kwa simu. Wanauliza akili bandia, na jibu linatoka mara moja. Mimi sipingi. Lakini juzi mama mmoja wa kikundi alinisomea jibu juu ya mbuzi wanaokohoa, pamoja na kipimo cha dawa. Nikamwuliza, "Mama, nani amesema?" Akajibu, "Simu." Basi simu ni daktari wa mifugo? Tulipofungua ile anwani ndogo chini ya jibu, tukakuta ukurasa wa wafugaji wa nchi za baridi. Homa ya mapafu, inayotumalizia mbuzi huku, haikutajwa hata mara moja.

Mei 2024 Google iliwashauri watu watie gundi kwenye piza, yaani chakula! Watu walipofuatilia, chanzo kilikuwa mzaha wa miaka 11 nyuma.

Na chanzo chenyewe kinaweza kutungwa. Mwaka 2023 mawakili huko New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kortini kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Walikuwa wameiuliza kama ni za kweli, ikasema ndiyo.

Kwa hiyo fungueni chanzo. Nani aliandika, mwaka gani, kwa watu wa wapi? Kisipoonekana, pesa ya dawa isitoke kwanza.

Yule mama alikwenda ofisi ya mifugo asubuhi yake. Alipewa dawa nyingine kabisa.