Maji ya Mfereji Yanapokatika na Kurudi

Leo tuzungumze juu ya maji ya mfereji, yale tunayoyaamini kwa sababu yametoka kwa kampuni ya maji.

Imani hiyo ina msingi. Maji mengi ya Nairobi, kwa mfano, hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a na kusafishwa katika mtambo wa Ng'ethu. Tope hugandishwa kwa shabu likatua chini, maji huchujwa, kisha hutiwa klorini. Taabu huanza njiani, mama, na hasa karibu na nyumbani kwako.

Tazama mabomba yanavyopita mitaani. Mipira myembamba imelazwa ndani ya mtaro uleule unaobeba maji taka ya vyoo, na mingine imefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Maji yakipita kwa nguvu, ufa huyatoa nje. Lakini siku ya mgao bomba hubaki tupu, na ule ufa huanza kuvuta ndani. Hunyonya maji ya mtaroni. Kwa hivyo maji ya kwanza baada ya mgao ndiyo ya kuogopwa zaidi, na ndiyo hayo tunayoamkia alfajiri kuyapigania kwa mitungi!

Yakinge hayo ya kwanza katika ndoo ya kando mpaka yatoke bila rangi wala harufu. Usiyamwage, ni ya choo. Hata yanayofuata yakiwa maangavu, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje nusu saa. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwani tope humaliza nguvu ya dawa. Akina mama wengi huniambia kliniki kwamba chai yao huchemka, basi imetosha. Je, mtoto akitoka kucheza na kiu, hunywa chai? Huchota kikombe mtungini.

Wengine hulalamikia harufu ya dawa. Mimi hufurahi nikiinusa kidogo mferejini, maana dawa ingalipo ikilinda maji.

Kisha kuna mpira wa kujazia pipa. Ukiutumbukiza ndani ya maji na presha ikashuka ghafla, maji ya pipa, pamoja na uchafu wa mikono iliyochovya humo, huweza kurudi katika bomba la mtaa mzima. Mpira uning'inie juu ya maji. Pale kioskini pia, ukiuona umelala matopeni, mwambie mwenye kioski autundike. Usione haya, unalipia maji hayo.

Wanaotoboa bomba usiku na kujiunganishia wanakosa, na kila tundu ni mlango wa uchafu. Lakini kampuni inayomkawiza mtu miezi kumpa mita nayo ina sehemu yake ya lawama. Bomba likipasuka au maji yakibadilika rangi, piga ripoti kwa kampuni na kwa afisa wa afya ya umma, ukitaja siku, saa na mahali. Mkienda akina mama watano mtasikizwa upesi kuliko mmoja.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu, hahitaji maji. Mkubwa akiharisha, mpe ORS iliyokorogwa kwa maji salama, kidogo kidogo, na tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14 jinsi utakavyoelekezwa kliniki, huku ukiendelea kumlisha. Macho yakizama, akikosa nguvu za kunywa, au choo kikiwa kama maji ya mchele, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali, na uendelee kumpa ORS njiani.

Juma lijalo ni matangi ya maji ya mvua, ambayo wengi mmeniuliza. Kwaheri kwa sasa.