Akiba kibindoni, silaha mkononi: kipi kitangulie?

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwananchi mmoja wa Kibiti aliyoyatoa katika baraza la tawi la chama. Tunayachapa kama alivyoyaandaa mwenyewe kwa ajili ya msomaji. – Mhariri)



Mimi ni mkulima wa mpunga na ni mwenye bunduki. Nimetaja jembe kwanza na bunduki baadaye kwa makusudi. Bunduki yenyewe ni shotigani ya mitutu miwili, ina kibali, ina namba, na ilihakikiwa mwaka 2016 wakati nchi nzima iliposimamishwa foleni kuhakiki silaha. Sijificho wala sijivuni nayo.

Tangu maji ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, vijana wamekuwa wakinijia nyumbani. "Shikamoo mzee. Nataka kununua bunduki, nianzie wapi?" Nami humjibu kila mmoja kwa swali: "Marahaba. Nyumbani kwako una chakula cha siku ngapi?" Kijana hucheka. Anadhani mzee anakwepa. Sikwepi. Wahenga walisema akiba iliyo kibindoni na silaha iliyo mkononi ndizo zimfaazo mtu. Angalia mpangilio wao, ndugu msomaji. Walianza na akiba. Sisi siku hizi tunasoma methali hiyo kutoka mkiani.

Tuanze na historia, maana imefanyika hapa hapa kwetu. Kinjikitile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, Rufiji. Aliwagawia watu maji, na Julai 1905 vita ikalipuka Nandete, katika milima ya Wamatumbi. Wajerumani wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita haikuisha. Ilikwenda mpaka 1907. Shuleni tulifundishwa kwamba maji yale hayakugeuza risasi, somo likaishia hapo. Hilo ni nusu ya somo. Mjerumani hakuwamaliza babu zetu kwa risasi peke yake. Alichoma vijiji, akachoma mashamba, akachoma vihenge vya nafaka. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakuangukia vitani. Walikufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Mkoloni alijua jambo ambalo sisi tumelisahau: mtu mwenye gobore mkononi na kihenge kitupu hafiki mbali.

Sasa nisikilize vizuri, nisije nikaonekana naipiga vita bunduki niliyoinunua mwenyewe. Huku kwetu bunduki ina kazi. Anayekaa Dar es Salaam kwenye ukuta wa matofali hajui nguruwe mwitu ni kitu gani. Nguruwe wakiingia shambani usiku mmoja, asubuhi unakuta kama limepita trekta. Na kwa kuwa wengi wetu ni Waislamu, hakuna anayemsaka kwa ajili ya kitoweo, basi anazaliana kwa raha zake. Mkulima afanye nini? Analala shambani, juu ya dungu, na watoto wake, na debe la kupiga kelele.

Na hapo ndipo balaa kubwa huanza, kwa sababu simba humfuata nguruwe. Wataalamu waliochunguza jambo hili waliona kuwa kuanzia mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania, na kwamba walishambulia zaidi kule kwenye nguruwe wengi, hasa wakati wa mavuno, watu wakiwa wanalinda mashamba. Hapa Rufiji simba mmoja peke yake alihusishwa na vifo vya watu wapatao 35 kabla ya kuuawa Aprili 2004. Alipopasuliwa alikutwa na jipu baya kwenye jino. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yule anayepunguza nguruwe kijijini anamwondolea simba sababu ya kuja. Bunduki yangu imenunuliwa kwa kazi hiyo. Ni mlinzi wa chakula. Kama shambani hamna kitu na ghalani hamna kitu, inalinda nini?

Tena msisahau tulivyofika hapa. Zamani watu waliishi bondeni karibu na mashamba yao. Baada ya mafuriko ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji, tukahamishiwa vijiji vya juu, kabla hata ya operesheni za vijiji vya ujamaa za miaka ya 1970 kuenea nchi nzima. Nyumba ikabaki juu, shamba likabaki bondeni, na katikati likakaa pori. Waliopanga walipanga ofisini. Anayetembea usiku kwenda kulinda shamba ni mlalahoi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hatupendi kulisema kwa sauti. Mwaka 2016 na 2017 Kibiti ilikuwa jina la kutisha. Watu wasiojulikana waliua viongozi wa vijiji, waliua askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa Mkengeni, na bunduki zao zikachukuliwa. Waliouawa katika kipindi hicho walizidi 30. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Kisha wananchi wakaanza kutoweka. Mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi, alitoweka hapa Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Mkewe na watoto wake wana haki ya kujibiwa, na jibu halijatolewa.

Nilijifunza nini mwenye bunduki? Nilijifunza kwamba wale askari wanane walikuwa na mafunzo, walikuwa pamoja, na walikuwa na silaha. Mimi nina mitutu miwili na macho yanayohitaji miwani. Mbwa akibweka usiku sikujiambia, "Heri nina bunduki." Nilijiambia, "Wamekuja kuichukua." Silaha iliyotakiwa kunipa usingizi ndiyo iliyoninyima usingizi. Kijana anayetaka kununua bunduki kwa kuogopa majambazi alijue hilo: jambazi naye anatafuta bunduki, na njia rahisi ya kuipata ni kwa mtu asiyejua kuilinda.

Kilichotusaidia nyumbani kwangu siku zile kilikuwa gunia la makopa, mpunga na samaki wakavu. Soko lilifungwa mapema. Wavuvi wa deltani waliogopa kutoka usiku. Aliyekuwa hana kitu ndani alilazimika kutembea saa mbaya kutafuta unga, na kutembea saa mbaya ilikuwa hatari pande zote mbili, kwa wauaji na kwa wanaowatafuta wauaji. Mwenye akiba alifunga mlango akakaa na wanawe. Hebu niambie, siku zile ni kipi kilichokuwa silaha?

Usidhani wasiwasi huu ni wetu peke yetu. Mwaka 2020, korona ilipoingia, Wamarekani walimiminika madukani kununua bunduki na vyakula vya makopo kwa pamoja. Mwaka huo maombi ya kuchunguzwa wanunuzi wa silaha kule yalikaribia milioni 40. Nchi tajiri kuliko zote, na watu wake wanaogopa jirani. Mtu akikosa imani na dola, hujifanya yeye mwenyewe dola. Hatutaki kufika huko. Kibiti tumeshaonja kidogo, inatosha.

Kwa hiyo kwa kijana anayeniuliza, ushauri wangu ni huu.

Kwanza, hesabu. Mtu mzima mmoja anakula kama nusu kilo ya nafaka kwa siku, yaani kilo 15 kwa mwezi. Nyumba ya watu sita ni kilo 90, karibu gunia moja kwa mwezi. Miezi mitatu ni magunia matatu. Sasa peleka hesabu hiyo dukani kwenye bei ya bunduki, kibali, na risasi, halafu uone umekwisha kula magunia mangapi kabla hujafyatua hata mara moja.

Pili, kausha. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu na mahindi, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yana maji bado, rudisha juani. Mpunga weka na maganda yake, ukoboe wa kula tu. Mahindi na makopa yaogope dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini miaka ya 1970 na watu wakampachika jina la Scania kwa namna anavyosomba mzigo. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inamkaba; asiyeipata atumie uchaga juu ya jiko, moshi ni dawa ya bibi zetu.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwa mtu wa bonde: mbegu usiweke pamoja na chakula. Zitie kwenye dumu, funga kifuniko, peleka kwa ndugu wa juu ambako maji hayafiki. Sisi tunajua mafuriko si adui mtupu. Maji yakishuka huacha tope lenye rutuba, na anayepanda upesi mlau wake huvuna kwa unyevu ule ule. Lakini upande nini kama mbegu imekwenda na maji? Mwaka 2024 wako waliosimama kwenye udongo mzuri kabisa mikono mitupu.

Nne, ukishakuwa na hayo yote na bado nguruwe wanakumaliza, njoo tuzungumze habari ya bunduki. Ya halali. Sheria ya mwaka 1991 imekwisha kufutwa. Sasa ipo ya mwaka 2015, nayo haina mzaha. Usiazime, usiazimishe, usiache risasi mahali mtoto anapofika. Na yule mwenye gobore la kienyeji darini kwa babu yake asijidanganye kuwa ni urithi. Ni kesi. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Nafasi ya namna hiyo ikitangazwa tena, mzigo huo utueni.

Sasa nigeukie wakubwa, maana si haki kumwambia mlalahoi ajiwekee akiba halafu dola ikakunja mikono.

Taifa lina Wakala wa Hifadhi ya Chakula tangu 2008. Maghala yake makubwa yako Makambako, Songea, Sumbawanga, Dodoma na kwingineko. La karibu nasi ni Kipawa, Dar es Salaam. Mafuriko ya 2024 yaliua watu 155 nchini kwa mujibu wa taarifa ya Waziri Mkuu bungeni mwezi Aprili, na yalipotufikia sisi, msaada ulipaswa kupita barabara zile zile zilizoliwa na maji. Kisiwa cha deltani hakifikiwi na lori hata siku ya jua. Tunadai ghala la akiba kwenye mwinuko, upande wa Rufiji na upande wa Kibiti, lijazwe kabla ya masika na si baada ya kamera kufika. Ubishi wa kama Bwawa la Julius Nyerere lilizidisha maji au liliyapunguza waachiwe wataalamu, mradi waseme hadharani. Sisi tunadai kuambiwa mapema maji yanapofunguliwa, kwa lugha ya kijijini na si ya matangazo ya televisheni ambayo hatuna.

Tunadai askari wa wanyamapori wanaofika usiku ule ule nguruwe au simba anapoingia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa na mnyama mkali. Milioni moja kwa baba wa familia! Kiwango kibadilishwe mara ngapi, hoja ni moja: heri kumzuia mnyama kuliko kufuta machozi.

Na tunadai polisi tunayeweza kumwendea mchana bila kuogopa usiku. Kijiji kinachomwamini askari hakihitaji kila nyumba iwe na mtutu.

Wako watakaosema mzee huyu anahubiri siasa kwenye habari ya magunia. Nami nasema gunia ni siasa. Tuliopanga foleni ya unga wa yanga zama zile tunakumbuka jinsi mtu mwenye njaa alivyopiga makofi asipotaka kupiga. Mwenye chakula cha miezi mitatu ndani hanunuliwi kwa kilo mbili za mchele na fulana siku ya kampeni. Anasikiliza, anapima, anapiga kura yake na kurudi nyumbani kupika. Hiyo ndiyo silaha wanayoiogopa zaidi, na haihitaji kibali cha mtu.

Basi ndugu msomaji, leo usiku kabla hujalala, ingia stoo na kibatari. Hesabu magunia, tafuta mbegu iko wapi, tia mkono ndani usikie kama kuna unyevu. Ukishajua una siku ngapi, njoo uniulize habari ya bunduki. Nitakukaribisha, na chai ipo.