Kidole kwa Aliyetoa Pasi

 

Sisi tuliosimama mbele yenu ni wanachama wanne wa tawi la Marekani, tunaoishi jimbo la North Carolina. Katibu alitupa dakika kumi na tano na kutuomba tuzungumzie uongozi. Tulipokaa kutafakari tuliona kwamba juu ya uongozi hatuna la kuwafundisha ninyi mliotulea. Lakini huko tunakoishi kuna mtu mmoja ambaye watu humtaja kila mara, kama sisi tunavyomtaja babu aliyetangulia, na habari zake ndizo zilizotufungua macho tukaona kosa tulilolifanya hapa nyumbani. Kwa hiyo tutaanza na mpira wa kikapu. Mtuvumilie, bweni tutalifikia.

Mtu huyo ni Dean Smith. Alikuwa kocha wa timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, kuanzia mwaka 1961 hadi 1997. Alishinda michezo 879, akaifikisha timu yake nusu fainali ya taifa mara 11, na akatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982 na 1993. Michael Jordan alipita mikononi mwake. Hayo yote yameandikwa. Wengi wetu tulifika kule yeye akiwa ameshastaafu, hatukuwahi kumwona akiwa kwenye benchi. Tulimjua kwa midomo ya mashabiki.

Na mashabiki wa kule si wa mchezo. Msidhani mpira wa chuo Marekani ni kama mashindano ya shule zetu. Uwanja wao unachukua watu zaidi ya 20,000, na wengi wanaoujaza hawakusoma chuo hicho hata siku moja. Kutoka Chapel Hill mpaka Durham, kilipo chuo cha Duke, ni kama kilomita 13 tu, na uhasama wa timu hizo mbili ni Simba na Yanga kabisa. Mmoja wetu anafanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee. Anasema Kiingereza cha kule alifundishwa na wazee wanaobishana, kikombe cha kahawa mkononi, juu ya pasi iliyotolewa mwaka 1982. (Mwaka 2009 tulipata tabu ya peke yetu: kijana wetu Hasheem Thabeet alifika nusu fainali na timu ya Connecticut, na North Carolina nayo ilikuwemo. Tulikuwa na mioyo miwili. Connecticut ikatolewa na Michigan State, tukabaki na mmoja.)

Sasa, wazee wale ukiwauliza walimpendea nini Dean Smith, hawaanzi na vikombe. Wanaanza na kidole.

Ilikuwa kanuni yake kwamba mchezaji akifunga, kabla ya kushangilia, amnyoshee kidole mwenzake aliyempa mpira. Kila mara, hata mchezo uwe mkali namna gani. Mpaka mashabiki nao wakajifunza kutazama kule kidole kinakoelekea. Mwaka 1982, fainali dhidi ya Georgetown, Jordan akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alirusha mpira sekunde za mwisho na timu ikashinda 63 kwa 62. Dunia nzima inamkumbuka Jordan. Mzee wa Chapel Hill atakuuliza: nani alimpa mpira? Usipojibu kwamba ni Jimmy Black, basi wewe bado mgeni.

Tena alikuwa na desturi kwamba mchezo wa mwisho wa nyumbani kila msimu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho ndio wanaoanza, pamoja na yule ambaye miaka yote minne kazi yake ilikuwa kukaa benchi na kuwapa wenzake taulo. Na mchezaji aliyechoka aliweza kuinua ngumi, akatolewa apumzike, na akishapata nguvu arudi mwenyewe bila kusubiri kuitwa. Sisi tuliofanya kazi chini ya mabosi tunajua uzito wa jambo hilo. Kumwambia mkubwa wako kwamba umechoka, na usiadhibiwe!

Hakupendwa siku zote. Hilo wazee wa kule hawalifichi. Januari mwaka 1965 timu ilirudi usiku kutoka kufungwa na Wake Forest, na basi lilipofika chuoni wachezaji walikuta sanamu la kocha wao limening'inizwa kwenye mti. Mashabiki wenyewe ndio walioliweka, wale wale ambao leo wajukuu wao wanavaa fulana zenye jina lake. Mchezaji mmoja, Billy Cunningham, aliruka kutoka kwenye basi akaling'oa. Kocha aliendelea na kazi. Miaka mingi baadaye chuo kilipojenga uwanja mpya, uliofunguliwa 1986, kikauita kwa jina lake, na yeye hakufurahia jambo hilo hata kidogo.

Lipo jambo kubwa zaidi ya mpira. Marekani ya kusini wakati ule ilikuwa na milango ya watu weupe na milango ya watu weusi. Smith alipokuwa bado kocha msaidizi, aliingia na mchungaji wake na mwanafunzi mmoja mweusi wa theolojia kwenye mkahawa maarufu wa Chapel Hill ambao haukuwahudumia watu weusi, wakaketi, wakala. Hakuwa na cheo cha kumlinda. Kisha akiwa kocha mkuu alimleta Charlie Scott, mwanamichezo mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa masomo chuoni hapo. Scott amesimulia kwamba siku moja shabiki wa timu pinzani alimtukana kwa rangi yake, na Smith, mtu ambaye hakuwahi kusikika akitukana, ilibidi wasaidizi wake wamshike asimvamie yule mtu. Malezi hayo aliyatoa kwao Kansas: baba yake, aliyekuwa kocha wa shule, alishinda ubingwa wa jimbo mwaka 1934 akiwa amekataa kumtoa kijana mweusi kwenye timu.

Na kile kisa cha mkahawa, Smith hakukisimulia yeye. Mchungaji ndiye aliyekisema kwa mwandishi, miaka ishirini na zaidi baadaye. Smith alipofuatwa alinung'unika kwamba bora kisingesemwa, kwa sababu kwake kutenda lililo sawa halikuwa jambo la kujivunia.

Hapo ndipo sisi wanne tulipotazamana.

Ndugu zetu, mnakumbuka bweni la wasichana. Awamu ya kwanza ilikamilika na tukafanya sherehe. Sisi tulituma fedha za mabati na saruji, na tukatuma pia, bila kuombwa, kibao cha marumaru chenye jina la tawi letu kwa herufi za dhahabu. Kibao kile tulikichagua kwa wiki mbili. Tulibishana juu ya ukubwa wa herufi! Tukapiga picha nacho kabla hakijasafirishwa, na picha zikasambaa.

Katika hotuba za siku ile hakuna aliyewataja kina mama waliobeba mchanga kutoka mtoni kwa kichwa, siku tatu za msaragambo kila wiki, wengine na watoto mgongoni. Hakutajwa fundi aliyeezeka akiwa anatudai malipo ya miezi minne, kwa sababu sisi tulichelewesha. Hakutajwa mzee aliyetoa kipande cha shamba lake la migomba ili gari la mawe lipite.

Awamu ya pili ilipoanza, pembe ya msaragambo ikalia asubuhi, wakaja watu saba. Wiki iliyofuata watano. Sisi kule tukaanza kulaumu kwenye simu: watu wa kijijini wamekuwa wavivu, wanataka kufanyiwa kila kitu. Mmoja wetu alipokuja likizo alikwenda kumuuliza mama mmoja, mtu mzima, ambaye awamu ya kwanza hakukosa hata siku moja. Mama yule alimkaribisha, akampa chai, kisha akamuuliza kwa upole: ikiwa ukuta umeandikwa Marekani, kwa nini Wamarekani wasije kubeba mchanga?

Mwenzetu hakuwa na jibu. Alirudi na swali hilo kwetu, na hatukulala vizuri.

Dean Smith alifariki Februari 2015 akiwa na umri wa miaka 83. Miaka yake ya mwisho ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya kumbukumbu, yeye aliyesifika kwa kukumbuka majina ya watoto wa wachezaji wake na ya wazazi wao. Wiki mbili baada ya kifo chake, mchezo wa nyumbani ulipoanza, Roy Williams, aliyewahi kuwa msaidizi wake, aliagiza timu ianze kwa mtindo wa zamani wa mzee, ule wa kutawanyika pembe nne za uwanja na kupasiana taratibu. Mtindo huo tukiri ulikuwa unachosha, na ulichangia vyuo kuweka saa ya kulazimisha timu kurusha mpira. Lakini siku ile uwanja mzima ulisimama. Mpira ukazungushwa, pasi ikapenya, kapu likafungwa, na kidole kikanyooshwa. Tulikuwa tunatazama kwenye televisheni katika sebule ya jirani yetu, bibi mjane wa miaka zaidi ya sabini, na alilia waziwazi.

Majuma machache baadaye wachezaji wake wa zamani, kama watu 180, walipokea barua kutoka kwa msimamizi wa mirathi. Kocha aliacha katika wosia kwamba kila mmoja apewe dola 200 aende akale chakula kizuri cha jioni, kwa hisani yake. Jordan, tajiri kama alivyo, alipata dola 200. Na yule wa taulo alipata dola 200. Bibi jirani alipotusomea habari hiyo gazetini alirudia mara mbili kwamba kiasi kilikuwa sawa kwa wote.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, tumekuja na mambo matatu, na tunaomba yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano.

La kwanza, tunaomba radhi. Tunaiomba hapa mbele ya wazee, na Jumapili tutapanda mlimani kuiomba palepale mtoni. Hatutaki iishie kwenye kipaza sauti cha ukumbi wa Dar es Salaam.

La pili, kibao tumeomba kishushwe. Fundi ameshakitoa, na ametuambia marumaru ile inafaa kuwa kizingiti cha bafu la wasichana. Tumekubali. Tumemlipa deni lake lote pamoja na nauli, na safari hii tulimlipa kwanza ndipo tukamwomba kazi.

La tatu, fedha. Tawi letu limekusanya za kununulia vitanda vyote vya chumba cha pili na magodoro yake. Bado kuna matangi ya maji na mlango wa chuma, na hizo ndizo tunazowaomba mchangie usiku huu. Fomu za ahadi zipo kwa mwekahazina, meza ya karibu na mlango. Asiye na fedha aandike siku atakazokuja msaragambo, kwa maana mwekahazina amekubali kuweka safu mbili katika daftari moja, fedha na siku, na majina yatasomwa yote kwa pamoja kwa kufuata alfabeti.

Tena tulimwomba Katibu ruhusa ya jambo moja dogo kabla hatujaketi. Wapo hapa akina mama sita kutoka kijijini, waliosafiri na basi la usiku. Wamekaa nyuma kabisa, karibu na jiko, na mmoja wao ndiye aliyetupa lile swali. Tunaomba taa za nyuma ziwashwe. Mama zetu, tafadhali simameni.