Daftari la Matanga: Mhadhara wa Umma, Siakago



Niliombwa nieleze jinsi jamii inavyoomboleza mtoto wake anapouawa kwa risasi chuoni. Visa vyenyewe mnavijua. Tarehe 27 Februari 2018, huko Nchiru, polisi walimpiga risasi na kumuua Evans Njoroge, katibu mkuu wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, siku ya maandamano kuhusu karo. Kabla yake, tarehe 2 Aprili 2015, wanamgambo wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 chuoni Garissa, 142 kati yao wanafunzi. Siasa za visa hivyo nawaachia wengine.

Kilichonikera hata nikaukubali mwaliko huu ni hoja ya mwenzangu mmoja. Simtaji, kwa kuwa yumo humu ukumbini na chai tutainywa pamoja. Anadai matanga yetu yameoza: kamati za mazishi, namba za M-Pesa, mahema ya kukodi, fulana zenye picha ya marehemu, mwanasiasa asiyeachia maikrofoni. Tiba yake ni kurudi kwenye maombolezo ya asili, yaani wazee wachache na kaburi la kimya kando ya boma.

Asili ipi, bwana? Jack Glazier, mwanaanthropolojia Mmarekani, alifanya utafiti wake humu Mbeere, na mwaka 1984 akachapisha katika jarida la *Man* makala kuhusu mababu na kifo. Nakala yangu imelegea kurasa kwa kufunguliwa, na kila mwaka wanafunzi wangu wananikoma kwa sababu yake. Anaonyesha kwamba zamani maiti ilipelekwa porini, fisi wakamaliza kazi. Kuzika kulikuja kwa amri ya serikali ya kikoloni. Kisha ardhi ilipoanza kugombaniwa, kaburi likawa ushahidi: hapa amelala baba yangu, kwa hiyo shamba hili ni letu. Wafu waliokuwa wakiogopwa na kuwekwa mbali wakasogezwa karibu na mlango. Hebu tazameni uzuri wa hoja hiyo! Kaburi la kimya analolililia mwenzangu lilizaliwa na amri ya mkoloni na kulelewa na kesi za mashamba. Kamati ya mazishi nayo ina haki ileile ya kuzaliwa.

Niliwahi kuwa mweka hazina wa matanga ya jirani, si mbali na soko hili. Daftari lilikuwa la mraba, la shule, jalada limeingia chai. Mama wa viazi, 50. Boda wa stendi, 200. Wachumaji wa muguka, 340, sarafu tupu. Mzee mmoja alitoa mia, akaondoka, akarudi kuhakikisha kwamba ameandikwa, akanifanya nimsomee mstari wake mara mbili. Mwenzangu ataita hayo majivuno. Mimi nasema mzee alikuwa anajiorodhesha miongoni mwa waliofiwa.

Zamani mtu akiuawa, ukoo wake uliukabili ukoo wa muuaji, wazee wakakaa, mifugo ikahama boma. Polisi mwenye bunduki hana ukoo wa kukabiliwa. Ipo IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, naam, nayo ilifungua uchunguzi wa Nchiru. Lakini nauli ya shahidi na ada ya daktari wa familia atakayeshuhudia upasuaji wa maiti hutoka wapi, kama si kwenye mchango?

Matanga hukusanya watu; vyuo vyenyewe hufanya kinyume kabisa. Damu ikimwagika, lango linafungwa na wanafunzi wanatawanywa. Walionusurika Garissa walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Kampasi yao ikafunguliwa tena Januari 2016. Wafiwa wakuu ndio wa kwanza kuondolewa matangani! Serikali nayo ilitangaza vifo 147, baadaye 148, na ikabidi wananchi mitandaoni waanze kukusanya majina na picha, mmoja mmoja, ili maiti zilizopangwa katika mochari ya Chiromo, Nairobi, ziwe watu tena. Hilo lilikuwa daftari, hata kama halikuwa la mraba.

Nakubali kwamba wanasiasa huyateka matanga. Nakubali pia kwamba familia hubaki na deni la chakula cha waombolezaji, na hilo si dogo kwa mtu anayesubiri mvua. Maikrofoni inaweza kuzimwa na sufuria kupunguzwa. Kamati na daftari lake havigusiki, na kwa hili sisogei hata hatua moja.

Kwa hiyo nimemwandikia mkutubi wetu nikiomba maktaba ianze kupokea madaftari ya matanga, yakitanguliwa na yale ya wanafunzi waliouawa. Familia ziombwe ridhaa kwanza. Kurasa za madeni zifungwe kwa miaka 30. Sanduku la mbao lisiloingia mchwa nitalinunua mimi.