Tuwakumbuke Marehemu Wetu Pamoja

Waheshimiwa mashehe, mapadre na wachungaji, wageni wetu kutoka Mbarara, ndugu wakimbizi,

Tangu mwaka 2001 dunia huadhimisha Siku ya Wakimbizi kila tarehe 20 Juni. Hapa Nakivale, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo tunapanga foleni moja ya maji, lakini kila kundi huwalilia marehemu wake kivyake. Kutengana huko huzaa shuku.

Naomba siku hiyo tukutane uwanjani. Shehe aombe dua, padre na mchungaji wasali. Asilazimishwe mtu kuitikia sala ya mwenzake. Kisha majina ya marehemu yasomwe bila kutaja kabila wala taifa. Watoto wanaokaa dawati moja wajue kwamba nyumba zao zote zimefiwa.