Maji ya Mvua ni Mali ya Ushirika



Katika sherehe hii ya miaka kumi ya chama chetu, nimetakiwa niseme machache juu ya kuhifadhi maji.

Hapa Nungwi hatuna mto. Twalima uwandani, juu ya mwamba wa matumbawe. Masika na vuli hunyesha, lakini maji hudidimia upesi. Chini ya mwamba maji matamu huelea juu ya maji ya bahari; kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Na tangu mahoteli yalipoenea pwani yetu, wavutaji wamezidi.

Shida hii si ngeni. Jirani zetu wa Tumbatu, kisiwa alichokitaja Yaqut katika karne ya 13, kwa miaka mingi walivuka kwa vyombo kufuata maji Unguja. Katika pwani ya Kenya, wenyeji wa visiwa vya Lamu, kama Pate na Ndau, walijenga jabia: uwanja uliosakafiwa na kuinamishwa, upeleke mvua katika birika lililofunikwa. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi uwanja wa mita 20 kwa 20, ukipata milimita 25, hupokea lita 10,000, ingawa kiasi fulani hupotea.

Lakini hesabu bila watu haijazi birika. Kabla ya masika uwanja sharti ufagiliwe na nyufa zizibwe. Mvua ya kwanza, yenye uchafu, iachwe ipite. Na wakati wa kiangazi kila nyumba ijue kipimo chake. Jabia halifi kwa siku moja. Hufa kidogo kidogo, kila mtu anapodhani mwenziwe atafagia. Chama cha ushirika nacho hufa vivyo hivyo.

Wako wasemao kuwa mifereji imetuondolea haja hiyo. Mfereji ni neema, lakini ukikauka hauna akiba. Kwa hiyo naomba kwamba, kabla hatujagawana faida, tutenge fungu la kutia milizamu katika paa la ghala letu na kujenga birika, tena tuchague leo hii watakaolitunza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.